Kuta za karakana ya nyumbani: Jinsi ya kuzivika plaiwudi na kuzipaka rangi

KARAKANA nyingi za nyumbani nchini hujengwa kwa mabati matupu. Mchana huwa kama tanuri. Usiku baridi huacha matone ya maji upande wa ndani, na vifaa vya fundi hushika kutu. Njia mojawapo ya kupunguza adha hiyo ni kuzivika kuta plaiwudi.

Kwanza, matundu yote yazibwe, na fundi wa stima apitishe nyaya ndani ya mabomba ya plastiki. Kisha fito za mbao kavu zipigiliwe wima, zikiachana kwa takriban sentimita 61. Kipande kizima cha plaiwudi huwa na upana wa sentimita 122, hivyo kingo zake hukutana juu ya ufito. Kati ya vipande iachwe nafasi ya milimita 3, na sentimita 2 juu ya sakafu ili unyevu usipande.

Uso usuguliwe kwa msasa, upanguswe vumbi, upakwe praima, kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili. Weupe huakisi mwanga, na fundi huona vyema msumeno unapopita.

Hadhari ni mbili. Rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Aidha, panapochomelewa vyuma pasiwekwe plaiwudi. Cheche moja yaweza kuteketeza nyumba nzima.