Mkia Kwenye Tope

Mtu akikanyaga ganda la ndizi kwenye filamu ya vichekesho, anaanguka, anainuka, anajipangusa vumbi na hadithi inaendelea. Hakuna anayeuliza kama mfupa umevunjika. Hakuna anayeuliza pia alikuwa anatoka wapi kabla ya kulikanyaga. Yule mzururaji wa Charlie Chaplin, mwenye kofia na fimbo, alionekana kwenye sinema mara ya kwanza mwaka 1914 na akaagwa na Modern Times mwaka 1936. Kwa miaka yote 22 hatukuambiwa mama yake ni nani wala kijiji chake kiko wapi, na watu walimpenda hivyohivyo. Wengi wanaamini kwamba hata neno letu chale, mtu wa kuchekesha, limetoka kwenye jina lake.

Kwa hiyo filamu ya utangulizi, ile inayotengenezwa baadaye lakini inasimulia yaliyotokea kabla, ni mtihani mgumu kwa vichekesho vya aina hii. Marekani walijaribu mwaka 2003. Dumb and Dumber ya mwaka 1994, ya Jim Carrey na Jeff Daniels, ilikuwa imependwa sana. Wakatengeneza Dumb and Dumberer ili tuone wajinga wale wawili walikutanaje shuleni. Carrey hayumo, Daniels hayumo, na ndugu wawili waliotengeneza ile ya kwanza hawakuiongoza. Ilipondwa vibaya. Mwaka 2014 Carrey na Daniels waliporudi na sehemu ya pili, waliendelea kana kwamba ile ya 2003 haikuwahi kuwepo. Kawaida lawama huishia kwenye sura: watu walimtaka Carrey. Nakubali, lakini naona kuna jambo jingine. Ujinga wa wale wawili ulichekesha kwa sababu haukuwa na chanzo. Ulipopewa chanzo ukaanza kufanana na shida ya mtoto anayehitaji msaada wa walimu.

Halafu kuna Minions ya mwaka 2015, utangulizi pia, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1. Vile viumbe vya njano vinaanza safari kabla ya enzi za dinosaria, vinatafuta bosi mbaya wa kumtumikia, na mabosi kadhaa vinawaua kwa bahati mbaya. Zamani yao yote ni mlolongo wa kuanguka. Filamu haielezi lolote kuhusu tabia yao. Inaongeza matukio tu, na ukumbi unacheka.

Nayasema haya nikiwa Dodoma, ninakosomea shahada ya uzamili ya historia, na swali limenijia kwa mlango wa nyumbani. Kijana ninayemfahamu anaandika mswada wa filamu ya vichekesho. Anataka kurudi nyuma ya hadithi ambayo kila Mtanzania anaijua: mshamba anashuka kwenye basi Dar es Salaam, ameshika mzigo, anashangaa maghorofa, anaibiwa, anaanguka. Mshamba wake ni Mgogo, na anataka kuonyesha maisha yake kabla ya lile basi. Aliniomba nimsaidie historia. Bibi mzaa mama ni wa Mvumi, kwa hiyo sikuweza kulichukulia kama zoezi la darasani.

Huyo mshamba ana umri mkubwa kuliko stendi anayoshukia. Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza waliendesha mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo, Bantu Educational Kinema Experiment, wakiwa na makao Vugiri kwenye milima ya Usambara. Filamu zilizungushwa kwa lori na kuonyeshwa usiku kwenye viwanja. Katika sinema za kikoloni za miaka ile na iliyofuata, kwenye makoloni mbalimbali ya Afrika, kuna kanuni iliyotumika tena na tena: watu wawili, mmoja mwerevu anayesikiliza ushauri wa serikali, mwingine mjinga asiyesikia. Mjinga ndiye aliyepewa sehemu za kuchekesha. Anayeanguka ni yule asiyejua benki, asiyejua choo, asiyejua mji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili, zilizotengenezwa Tanganyika na serikali pamoja na kampuni ya Afrika Kusini. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia mjini. Nyota wake alikuwa mtumishi kijana wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo. Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu, akarudi kwenye cheo hicho mwaka 1972, na mwaka uliofuata TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Aliyecheza mtu wa shamba anayehangaika mjini akawa miongoni mwa viongozi waliopaswa kuupeleka mji shambani. Ningekuwa mtunzi nisingethubutu kubuni hilo.

Baada ya uhuru mshamba hakustaafu. Katikati ya miaka ya 1970, katika Fimbo ya Mnyonge ya Kampuni ya Filamu Tanzania, anahangaika mjini kisha anarudi na kuona nuru katika kijiji cha ujamaa. Ilipofika enzi ya kanda za video na baadaye diski, King Majuto wa Tanga alimchukua akamnyang'anya mafunzo yote. Mshamba wa Majuto hajifunzi kitu. Ukimweka pembeni ya Sharo Milionea, yule kijana wa mavazi na mapozi, huna hakika nani kati yao ndiye mshamba, na hapo ndipo kicheko kilipokuwa. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, Majuto akafariki Agosti 2018. Hiyo ni hasara ambayo mswada wowote hauwezi kuifidia, nitaigusa tena.

Sasa turudi kwenye basi. Kwa nini mshamba wa utani wa Dar awe Mgogo? Kwa sababu kwa miaka mingi watu wa Dar wamemhusisha ombaomba wa barabarani na Dodoma, na lafudhi ya Kigogo ikawa silaha rahisi ya mchekeshaji mvivu. Mwanahistoria akiulizwa chanzo, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye rafu ya njaa. Anayo ya kutosha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo. Mvua nazo zikakatika. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika eneo lililokuwa na watu kama 150,000. Mmoja kati ya watano. Baadaye kuna njaa nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma, iliyowahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa.

Ukipiga picha ya mambo haya utapata filamu, tena filamu ninayotamani itengenezwe. Haitakuwa utangulizi wa kichekesho. Itakiua kile kicheko cha kwanza, na mtu anaweza kusema acha kife, kilikuwa kicheko kibaya. Lakini itamwacha Mgogo palepale alipokuwa: wa kuonewa huruma badala ya kuchekwa. Kwa mtu anayetazamwa, tofauti si kubwa kama mtazamaji anavyofikiri.

Mtego wa upande wa pili ni wa bustani nzuri. The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980, iliyotazamwa hadi kanda zikakwaruzika, imebeba utangulizi wake ndani ya dakika za mwanzo: Wasan wa Kalahari wanaishi kwa amani, hawajui kumiliki wala kugombana, mpaka chupa ya soda inadondoka kutoka angani. Inachekesha sana. Ila wakati ule Wasan wengi wa kaskazini-mashariki mwa Namibia walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali huko Tsumkwe, na jeshi la Afrika Kusini lilikuwa linaandikisha wanaume wao. Mshamba asiye na historia ni rahisi kumpenda, na rahisi pia kumwandalia maisha.

Nilichomwambia kijana wangu ni arudi nyuma zaidi ya njaa, hadi kabla ya reli ya Wajerumani.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na Ugogo maji ni machache. Mwenye kisima ndiye mwenye neno. Kila mtawala wa Kigogo alitoza hongo kabla ya msafara kuteka maji na kupita. Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, jambo la wazi, la kujadiliwa kwa siku nzima mbele za watu. Maana ya leo imelipunguzia heshima. Waarabu, Waswahili wa pwani na Wazungu wote walilipa, kwa vitambaa, shanga na waya. Richard Burton alipita mwaka 1857 akalalamika. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akilalamika zaidi.

Kilichomchoma Stanley zaidi ya gharama ni kutazamwa. Umati ulimfuata, ukamzunguka, ukamjadili, ukamcheka. Kitabuni mwake anasimulia jinsi uvumilivu ulivyomwishia hadi akamkamata mmoja wao shingoni na kumchapa. Yeye anakisimulia kama kisa cha kurejesha heshima. Soma tena ukiwa umesimama upande wa umati: mgeni ametoka mbali, amevaa ajabu, hajui lugha, hajui bei ya maji, anadaiwa kila anapogeuka, anapandwa na hasira hadi anamrukia mtu. Huyo ndiye mshamba. Ameshuka kwenye basi pasipo basi, na wenyeji wanamwona kama sinema ya bure.

Hapa filamu ya utangulizi inaanza kuwezekana, kwa sababu haielezi kwa nini Mgogo ni mjinga. Inaonyesha kwamba nafasi ya mjinga ni kiti, na waliokikalia wamekuwa wengi. Kicheko cha kwanza hakifi. Kinapata mhusika mwingine. Anayependa ushahidi wa karibu atazame yaliyotokea baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kweli, miaka zaidi ya 40 tangu uamuzi wa TANU. Watumishi waliotoka Dar walishuka na mabegi yao, wakashangaa upepo, wakashangaa vumbi, wakauliza samaki wabichi wanapatikana wapi. Wenyeji waliwapangishia vyumba kwa bei ambazo mtawala wa Mvumi angezitambua mara moja.

Na kuna kisa cha jina la mji wenyewe. Wengi wanajua simulizi ya tembo aliyezama kwenye tope akishuka kunywa maji, watu wakasema idodomya, amezama. Hii huwekwa kwenye vipeperushi kwa kuwa haimuudhi mtu. Simulizi nyingine ninaipenda zaidi. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala wote, wakabakiza mikia. Mikia hiyo wakaichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakiwatafuta ng'ombe wao, wakaonyeshwa: tazameni, wamezama, idodomya. Wagogo na Wahehe ni watani, kwa hiyo hutakosa Mhehe wa kukuambia mwisho wake ulikuwa tofauti. Kama ilitokea au haikutokea si hoja yangu hapa. Ninachokiona ni kwamba watu wa nyanda hizi walijisimulia mwanzo wa mji wao kwa kichekesho cha kuanguka kwenye tope, na ndani yake mjanja ni wao.

Pingamizi mbili zimebaki. Ya kwanza ni ya bibi: mjanja mwizi naye ni picha ya kupakwa mtu, na watani si nchi nzima; mtazamaji wa Mwanza au Zanzibar asiyejua utani huo atatoka na jipya la kuwasema Wagogo. Ana haki. Tiba ninayoiona ni kuongeza watu. Ugogo huohuo, mwaka 1917, njaa ikianza, ulimzaa Mathias Mnyampala, aliyekuwa bingwa wa ushairi wa Kiswahili, akaupa ngonjera, na akaandika kitabu cha historia na mila za Wagogo mwenyewe bila kusubiri mgeni. Filamu yenye Wagogo 10, wenye akili na tabia 10, inaweza kumudu mwizi mmoja wa ng'ombe.

Ya pili ni ile ya Carrey. Vichekesho vya mwili vinakaa kwenye mwili. Majuto alikuwa anachekesha kwa kugeuza shingo tu. Kumtafuta kijana amwigize Majuto angali kijana ni kurudia kosa la mwaka 2003, na kijana wangu alikuwa ameshaanza kumfundisha mtu ile sauti. Nimemsihi amtafute mwigizaji ambaye hajawahi kuonekana, ikibidi asiye na mzaha usoni kabisa, mtu mzima kutoka Chamwino au Kongwa anayezungumza Kigogo chake na kuacha maandishi ya Kiswahili yapite chini.

Mswada una kurasa tatu sasa. Kwenye ya kwanza ni asubuhi, Mhehe amesimama kwenye ukingo wa dimbwi akiwa na wanawe wawili. Wagogo wamepanga mstari, nyuso za msiba. Mikia 11 imesimama kwenye tope. Mhehe anavua viatu vyake vya ngozi, anaingia hadi magotini, anaushika mkia mnene kuliko yote kwa mikono miwili, anawaambia wanawe wamshike kiunoni, na wanavuta.