Endothelini: tuiiteje kwa Kiswahili?

Katika komini ya Bungulu, mjini Beni, muuguzi husomea kazi yake kwa Kifaransa, kisha humhudumia mgonjwa kwa Kiswahili au Kinande. Akikutana na neno endothelini, kamusi zetu za kawaida hazimsaidii.

Endothelini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Mnyororo huo una asidi amino 21 tu. Hutengenezwa hasa na endothelio, tabaka moja la seli lililotandazwa ndani ya mishipa ya damu. Masashi Yanagisawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, waliitangaza mwaka 1988 baada ya kuipata katika seli za mshipa mkuu wa nguruwe.

Ikishatolewa, hunasa kwenye kipokezi cha ETA kilicho juu ya misuli laini ya mshipa. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli za msuli, msuli hujikaza, na njia ya damu hupungua upana. Mkazo huo huchukua muda mrefu kulegea.

Neva za maumivu nazo zina vipokezi vya ETA, na endothelini ikizifikia huzisisimua. Ndiyo maana watafiti huitazama katika ugonjwa wa selimundu, ambao Wakongo wengi huuita drepanositozi. Chanzo cha maumivu yake ni chembe nyekundu zilizopinda kuziba mishipa midogo. Lakini wakati wa krizi, yaani maumivu yanapolipuka, endothelini nayo hupanda katika damu, na inashukiwa kuongeza balaa mara mbili: kubana mishipa na kuchokoza neva.

Mtu anaweza kupendekeza tuiite “kikaza-mishipa”. Jina hilo linaeleweka upesi, ila linapotosha. Kuna kipokezi cha pili, ETB: endothelini ikinasa kwenye ETB za endothelio, hutolewa nitriki oksidi, na mshipa hutanuka. Tena, kikaza-mishipa hakigusii maumivu hata kidogo.

Bradikinini, peptidi nyingine, ni funzo tosha. Mwaka 1949 Maurício Rocha e Silva na wenzake nchini Brazili waliipa jina la Kigiriki lenye maana ya mwendo wa polepole, kwa kuwa ilikaza utumbo wa simbilisi taratibu. Leo inajulikana zaidi kwa kutanua mishipa ya damu na kuleta maumivu, na jina halidokezi lolote kati ya hayo.

Jina la endothelini linataja mahali inapotoka, na hapo halikosei hata kazi mpya zikigunduliwa. Basi tuandike endothelini, kwa tahajia hiyo moja, na mara ya kwanza tuongeze maelezo: peptidi ya utando wa ndani wa mishipa ya damu. Kwa mgonjwa wa Bungulu, muuguzi aseme tu kwamba mwili wenyewe hutoa kitu kinachobana mishipa na kuzidisha maumivu.