Kutoka Mfereji wa Nakivubo hadi Kinu cha Nyuklia

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika insha hii ninadai kwamba historia ya kuutabiri mkondo huo inatuhusu sisi tunaosoma Kampala, na inatuhusu sasa.

Mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya mvua na majitaka kutoka katikati ya jiji, hupita Bugolobi, huingia katika kinamasi na kuishia Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria. Ghuba hiyohiyo hulisha mitambo ya maji ya kunywa ya Gaba. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walitoa utafiti wao juu ya namna kinamasi hicho kinavyosafisha majitaka. Ninachojifunza hapo ni kwamba kujua wingi wa maji hakutoshi. Ni lazima ujue yamepita wapi na yamekaa kwa muda gani.

Mhandisi wa kinu cha nyuklia huuliza swali lilelile. Kipozaji kikikimbilia upande mmoja, fito za mafuta za upande wa pili huzidi kupata moto. Tena kinu kikizimwa joto halikomi: mwanzoni hubaki takriban asilimia 6 ya nguvu yake. Milinganyo ya mwendo wa viowevu vyenye mnato ilianza na Navier wa Ufaransa mwaka 1822, kisha Stokes akaiendeleza mwaka 1845. Kazi ilikuwa kuitatua. Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson, akitafuta njia ya kutabiri hali ya hewa, aliwazia ukumbi wa watu 64,000 wakipiga hesabu pamoja. Baadaye kompyuta zikaifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, hesabu ya kompyuta hupata heshima inapokubaliana na vipimo. Mwezi wa Aprili 1986, huko Idaho, Marekani, wahandisi walizima kwa makusudi pampu za EBR-II, kinu kilichopozwa kwa sodiamu, kikiwa katika nguvu kamili. Sodiamu ya moto ilipanda, ya baridi ikashuka, na nguvu ya kinu ikapungua yenyewe. Mwezi huohuo kinu cha Chernobyl kililipuka. Vipimo vya EBR-II vimetumika tangu hapo kupima uaminifu wa programu za uigaji.

Uganda ina Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008, na serikali imechagua wilaya ya Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, kwa ajili ya mtambo wa kwanza. Mtambo ukinunuliwa nje, programu zake na majibu yake yatakuja pamoja nao. Asiyejua kupiga hesabu hizo mwenyewe atabaki kutia sahihi tu.

Kwa hiyo napendekeza tuanzie karibu. Tupime kasi na joto la maji ya Nakivubo, tuyaige kwa kompyuta, kisha tulinganishe. Mfereji uko hapa, na haudai viza wala mkopo.