Choo cha Kisasa Ndani ya Nyumba ya Chokaa

Nyumba zetu za Mji Mkongwe, Unguja, nyingi hazikujengwa kwa mkupuo mmoja. Familia ikikua, ghorofa huongezwa. Wazee walitumia mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu ya juu ikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba!

Leo tunaongeza choo na jiko juu kwa saruji. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na ncha za boriti zinaoza. Beit al-Ajaib ya 1883, pamoja na ukubwa wake, iliporomoka sehemu Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo. Tukachukue kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, na tutafute fundi anayejua chokaa.