Edna Buchanan na Wafu wa Miami

Kifo hakina usawa gazetini. Tajiri akiuawa hupewa ukurasa wa kwanza. Fukara akiuawa hupewa mistari miwili, na pengine hapewi hata mmoja. Edna Buchanan, mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Miami Herald, hakuikubali desturi hiyo. Kwake yeye, kila aliyeuawa alistahili kuulizwa habari zake.

Hakusomea kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1939 mjini Paterson, New Jersey, akafanya kazi ya kiwanda pamoja na mama yake, akiunga nyaya za mitambo ya simu. Mafunzo yake ya uandishi yalikuwa darasa la utungaji katika chuo cha Montclair. Alipohamia Florida aliingia katika gazeti dogo la Miami Beach, na mwaka 1970 akaajiriwa na Miami Herald.

Desturi yake ya kazi ilikuwa nyepesi kueleza, nzito kutenda. Alizungukia vituo vya polisi na chumba cha maiti, kisha akawapigia simu jamaa za marehemu. Akikatiwa simu, alingoja dakika moja akapiga tena. Yamkini atapokea mtu mwingine, au yule wa kwanza amebadili nia. Mara ya tatu hakupiga. Ni kanuni inayokaribia ufidhuli, walakini aliamini kwamba wafiwa wengi hutaka kumsema mtu wao, ili asipite duniani kama jina tu katika daftari la polisi.

Usiku wa tarehe 17 Desemba 1979, Arthur McDuffie, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 33, wakala wa bima na aliyekuwa askari wa jeshi, alifukuzwa na polisi akiwa juu ya pikipiki. Alifariki siku nne baadaye. Taarifa ya polisi ilisema ameanguka. Hapana shaka kwamba maneno hayo yangekubaliwa kama ajali nyingine ya barabarani, lau Buchanan asingepata fununu akaanza kuulizauliza. Ikabainika kwamba McDuffie alipigwa kichwani kwa kurunzi nzito na virungu, kisha pikipiki yake ikapondwa makusudi ili ionekane kwamba imegonga. Kabla ya mwaka kwisha, habari hiyo ilikuwa imechapishwa.

Askari walishtakiwa, na kesi ikahamishiwa Tampa. Tarehe 17 Mei 1980 baraza la waamuzi sita, wote wanaume wa Kizungu, liliwaachilia. Usiku ule Miami ikawaka moto, na katika ghasia hizo watu 18 wakafa. Ukweli ulikuwa umeandikwa wazi, mahakama ikaupita kando. Na hao nao wakawa wafu wa kuulizwa habari zao. Mwaka uliofuata waliouawa katika wilaya ya Dade walipita 600, hata ikabidi likodiwe gari la barafu kuhifadhi maiti.

Mwaka 1986 Buchanan alipata tuzo ya Pulitzer, na mwaka huohuo Calvin Trillin akaandika makala juu yake katika jarida la New Yorker. Tangu hapo waalimu wa uandishi wa habari humtaja kwa sababu ya mianzo yake ya habari. Mashuhuri kuliko yote ni ule wa mlevi aliyetaka kuku wa kukaanga, akaambiwa wamekwisha, akampiga mwuzaji, naye akauawa kwa risasi na mlinzi. Habari ilianza kwa maneno machache mno: kwamba marehemu alikufa na njaa. Wanafunzi hucheka, kisha huiga. Huo ni ustadi, lakini si somo bora. Ufundi wa sentensi ungeweza kujifunzwa hata kwa mtunzi wa vichekesho. Kutoamini taarifa ya ajali iliyotiwa saini na askari ni jambo jingine, na kumkumbuka Buchanan kwa kuku badala ya McDuffie ni kumpunguzia haki yake.

Mwenyewe hakuisahau kesi ile. Alipokwisha kuliacha gazeti aligeukia riwaya, na mwaka 1992 akatoa Contents Under Pressure. Ndani yake mwandishi wa habari mwanamke wa Miami, Britt Montero, apeleleza kifo cha mtu mweusi aliyekufa baada ya kufukuzwa na polisi usiku.