Kauri ya pwani, jembe la Uzinza

Kilwa ilinunua kauri ya Uchina kwa dhahabu, na dhahabu yenyewe haikuwa ya Geita, kule Ziwa Victoria. Ilichimbwa bara ya Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, ikapakiwa majahazini kwenda kaskazini. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 mji ulikuwa umeshiba. Katika magofu ya Husuni Kubwa, hapo Kilwa, mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua chupa ya kauri ya zama za Yuan, na vigae vya kijani vya Longquan, Uchina, vimezagaa kuanzia Lamu hadi Kilwa. Matajiri walipachika mabakuli ya Kichina hata kwenye nguzo za makaburi. Pale Kunduchi mengi yalishang'olewa. Yamebaki mabonyeo ya duara kwenye chokaa, mapana kama kiganja.

Mtu wa Geita akiyatazama mabakuli hayo katika makumbusho ana haki ya kuuliza wazee wake walikuwa wapi. Walikuwa tanuruni. Warongo, wahunzi wa Uzinza, waliyeyusha chuma katika misitu ya Geita na Biharamulo. Walifinyanga mirija ya udongo, wakaichomeka kuzunguka tanuru, wakavukuta hadi mavi ya chuma yakatiririka. Ncha ya mrija ilipochomwa na moto huo iliyeyuka, ikapata ngozi inayong'aa, nyeusi au ya kijani. Mfinyanzi wa Jingdezhen, huko Uchina, aliutafuta mng'ao kama huo kwa makusudi, tanuru likipita nyuzi 1,200. Mrongo aliupata bila kuutaka, akautupa jaani.

Alichokitaka ni jembe. Jembe la Uzinza lililima Usukuma, likatolewa mahari, likabebwa mpaka Tabora. Kutoka pwani watemi walitaka vibangwa, vile visahani vya kombe la bahari vya kuvaa, pamoja na shanga na nguo. Kauri hawakuihangaikia, nami siwalaumu: nani abebe bakuli kichwani miezi mitatu ili afike na vigae?

Na dhahabu ya Geita? Mjerumani mmoja aliiona mwaka 1898. Mgodi ukafanya kazi tangu 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000.  Matanuru ya Warongo, kwa upande wao, yalizimwa na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya.

Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, wahunzi walipewa nyumba yao. Ni heshima wanayostahili, ila mgeni huishia kutazama majembe na mivukuto. Mimi ningemwekea mezani mrija mmoja uliopasuka, ncha yake imgeukie yeye, na kando yake kigae cha Longquan kilichookotwa Kilwa, kisha nisiandike kibao chochote mpaka aulize.