Habari za Nyumba za Kupangisha, Iringa na Mbeya

Kabla Wadachi hawajajenga boma lao Iringa mwaka 1896, Wahehe walikaa katika matembe, nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa la udongo vilevile, nazo zilikuwa za kukaliwa na jamaa, si za kuchumia. Biashara ya kupangisha ililetwa na mji, kwa kuwa makarani, askari, madereva na wachuuzi, watu wenye ujira wa mwezi lakini wasio na shamba wala ukoo karibu nao, walihitaji mahali pa kulaza mbavu. Mbeya, iliyo changa kuliko Iringa, ilipata umbo la mji katika miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipowavuta watafutaji wa kila kabila.

Wenye rasilmali ya kujenga majumba ya kupangisha katikati ya miji hiyo walikuwa aghalabu wafanyabiashara wa Kihindi, na mtaa wa Uhindini wa Mbeya ungali na jina lao. Katika nchi hii ya milima, ambamo mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na baridi ya Juni na Julai humwingia mtu mifupani, ubora wa nyumba si urembo: msingi wa mawe ulioinuka huzuia unyevu usipande ukutani, tofali lililochomwa likaiva halimung'unyuki kama tofali bichi, upenu mpana huukinga ukuta na rasharasha, na dari, ambayo mwenye nyumba bahili huiona gharama ya bure, ndiyo humfanya mpangaji alipe kodi ya mwezi wa saba bila kunung'unika.

Lakini ubora huohuo ndio uliokuja kuwaponza wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali, kwa nia ya kukomesha unyonyaji, ilipitisha sheria ya kutwaa majengo yaliyopangishwa, yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Aliyejenga jumba la kudumu kwa saruji na chuma alivuka kipimo hicho, ilhali aliyejenga kwa tofali bichi na mabati mepesi alisalimika. Tena nyumba iliyokwisha kusimama zaidi ya miaka kumi ilihesabiwa kuwa imemrudishia mwenyewe gharama zake, asipewe fidia. Basi uimara, ulio fahari ya kila mjenzi, ukageuka hoja ya kumnyima. Nia ya sheria sina ugomvi nayo. Kipimo chake ndicho ninachokilaumu.

Majumba yale yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa mwaka 1990 na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Kodi ziliwekwa chini kwa manufaa ya mpangaji, nazo hazikutosha kupaka rangi, seuze kubadili paa.

Wakati huohuo barabara ya lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ziliongeza watu Mbeya, na waliopokea mzigo wao walikuwa wenye nyumba wadogo wa Mwanjelwa, kama wenzao wa Mlandege kule Iringa: vyumba huku na huku vya ukumbi, jiko na choo uani, ukuta ukipandishwa kila pesa ilipopatikana. Penye uhaba wa vyumba mpangaji hachagui, na mwenye nyumba hana sababu ya kuziba ufa.

Katazo la viongozi kuwa na nyumba za kupangisha liliondolewa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, mwaka uleule ambao shule ya Mkwawa, Iringa, ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wake wakahitaji vyumba. Na tangu hapo kodi ya chumba cha Kihesa kule Iringa au cha Mwanjelwa hukatwa kwa mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji, ambaye sasa huuliza kwanza habari ya maji, ya mita ya umeme na ya dari, ndipo aulize bei.